Uzi: Njia ya baiskeli ipite mbele au nyuma ya kituo cha daladala?

MkaaziWaKikwajuni

Assalaam aleykum wanabaraza. Naufungua uzi huu kwa sababu barabara zetu nyingi hapa Zanzibar zinapanuliwa au kuwekwa lami upya, na kila michoro inapozungumzwa huibuka suala la njia za baiskeli, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza njia hiyo itafanya nini itakapofika kituoni. Hapo ndipo penye kazi. Baina ya kituo na kituo njia ya baiskeli ni ukanda wa lami tu. Kituoni inakutana na abiria anayeteremka, mtoto wa skuli anayeikimbilia gari, utingo anayeshusha gunia la mbatata kutoka kwenye keria, na mtu mwenye kiti cha magurudumu anayehitaji sehemu tambarare ya kugeukia.

Mitindo inayojulikana ni mitatu. Wa kwanza ni rahisi kuliko yote na ni mbaya kuliko yote: njia ya baiskeli hunyooka pembezoni mwa barabara, na kila daladala inayotaka kusimama huikata ili ifike ukingoni. Mpanda baiskeli hubanwa baina ya ubavu wa gari na watu wanaosubiri, kisha ama asimame ghafla, ama atoke katikati ya barabara kuipita gari iliyosimama huku vespa zikimjia kwa nyuma. Mtindo wa pili, ambao Uholanzi wameuzoea kwa miaka mingi, ni kuipitisha njia ya baiskeli nyuma ya kituo, yaani kituo chenyewe kiwe kisiwa chembamba baina ya barabara na njia ya baiskeli, na abiria aivuke njia hiyo anapokwenda kituoni na anapotoka. Wa tatu ni kuinua njia ya baiskeli ilingane na jukwaa la abiria na kuipitisha mbele yao, baina yao na mlango wa gari, kwa matarajio kwamba baiskeli zitasimama watu wanapopanda na kuteremka.

Maoni yangu ni kwamba mtindo wa pili ndio unaotufaa, kwa sharti moja ambalo najua wengi watalipinga: tuache kujenga vituo vya kuchepukia, yaani vile vilivyoingizwa pembeni ili gari itoke barabarani ndipo isimame. Kituo cha kuchepukia hula nafasi ileile ambayo ingekuwa ya waendao kwa miguu na ya baiskeli. Zaidi ya hapo, gari inayochepuka huingia kwa pembe. Pua hufika ukingoni, mkia hubaki nje, na mlango husimama mbali na ukingo, kwa hivyo abiria hana budi kuteremka kwanza kwenye lami ndipo apande ukingo. Mtu mzima mwenye miguu mizima hayaoni hayo. Bibi mwenye magoti mabovu huyaona kila siku, na mwenye kiti cha magurudumu hayaoni kwa sababu hakupata hata kuifikia gari. Ukingo ukisogezwa mpaka kwenye mstari wa barabara na ukanyooka, gari husimama sambamba nao bila ya dereva kuhitaji ustadi wowote, na ukingo wenyewe ukiwa na kimo cha sentimita 15 hadi 18, hatua ya kuingia garini hupungua sana.

Vipimo navitaja ili tusibishane hewani. Kiti cha magurudumu kina upana wa takriban sentimita 70; njia ya kukipitisha isiwe chini ya sentimita 90; kugeuka kunahitaji duara la sentimita 150; na mteremko wa kukipandisha usizidi kimo cha moja kwa urefu wa kumi na mbili. Kwa hivyo kisiwa cha abiria kiwe na upana wa mita mbili na nusu, njia ya baiskeli mita moja na nusu, na njia ya miguu mita mbili. Jumla ni mita sita kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye ukuta wa nyumba, na hizo katika Barabara ya Nyerere zinapatikana sehemu nyingi. Pale abiria anapoivuka njia ya baiskeli, njia hiyo ndiyo ipande ilingane na njia ya miguu, ili kigari, yaani kiti cha magurudumu, kipite bila ya kushuka popote na baiskeli ilazimike kupunguza mwendo kwa tuta.

Wala hili si suala la hisani. Zanzibar imekuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 9 kinataja barabara na usafiri kwa majina yake.

DerevaMkongwe

Wa aleykum salaam sheikh. Nimesoma mpaka mwisho, na kuhusu vipimo sina ubishi. Ila nadhani umeandika kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Nikisimama katikati ya barabara yenye upande mmoja wa kwendea na mmoja wa kurudia, gari zote zilizo nyuma yangu zitapiga honi, na askari atanihesabia kosa la kuzuia njia. Pili, kituoni hatusimami kwa sekunde kumi. Tunasubiri, utingo anaita, mama anapandisha ndoo zake, mwengine anatafuta chenji. Kituo cha kuchepukia kinanipa nafasi ya kufanya hayo bila ya kutukanwa.

MkaaziWaKikwajuni

Kaka, pingamizi lako la pili ndilo lenye nguvu, na linanilazimu niweke mipaka. Kituo cha kusimama barabarani kinafaa pale ambapo gari inapandisha, inateremsha na kuondoka. Kusubiri gari ijae ni kazi ya stendi, kama Kijangwani na Mwanakwerekwe, na huko hakuna anayekataa kuwe na nafasi za kuegesha. Tatizo ni kwamba vituo vya kuchepukia vya njiani vimegeuka stendi ndogondogo, na kila gari inayongoja abiria pale huizuia nyengine isifike ukingoni, kwa hivyo ya pili na ya tatu hushusha watu wake barabarani. Kuhusu honi, wewe unajua kuliko mimi muda unaopotea kuomba njia ya kurudi barabarani baada ya kuchepuka, kwani hakuna anayekupisha. Anayesimama kwenye mstari wake haombi. Suala la askari ni la kanuni, na kanuni huandikwa upya pale barabara inapochorwa upya. Sioni sababu ya kituo kujengwa kwa kuogopa faini ambayo kituo hichohicho kingeiondoa.

FimboNyeupe

Assalaam aleykum. Mimi ni mwanamke nisiyeona, ninasafiri kwa daladala peke yangu, na natumia programu ya kusoma maandishi kwa sauti, kwa hivyo nimeusikiliza uzi huu badala ya kuusoma. Mwenye uzi amemtendea haki mtu wa kigari. Masikio hakuyataja.

Daladala inanguruma, na utingo wake anataja aendako kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Kwangu mimi hicho ndicho kibao cha kituo, na ni bora kuliko vibao vyote vilivyopakwa rangi. Baiskeli haina sauti. Ukinijengea kisiwa na ukaipitisha baiskeli nyuma yake, umeniwekea barabara ya pili ambayo siisikii, na unaniomba niivuke nikiwa nimezongwa na kelele za barabara ya kwanza. Haya si mawazo yangu pekee. Huko Kanada, katika mji wa Victoria, wasioona walivishitaki vituo vya namna hiyo vya barabara ya Pandora, na mwaka 2020 baraza la haki za binadamu la jimbo la British Columbia likaamua kwamba walibaguliwa, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua kama baiskeli zinakuja au hazipo. Uingereza nako vyama vya wasioona vimevipinga vituo hivi kwa miaka kadhaa.

Kuna jambo jengine ambalo ni la kiufundi zaidi. Mwenye uzi anataka njia ya baiskeli ipande ilingane na njia ya miguu ili kigari kisiteremke. Hilo linamfaa mwenye kigari na linanidhuru mimi, kwa sababu fimbo yangu huitafuta ngazi ya ukingo ili ijue njia ya miguu imekwishia wapi. Ukiisawazisha bila ya kuweka kitu badala yake, nitaingia katika njia ya baiskeli bila ya habari. Dawa yake ipo tangu zamani: vigae vya vinundu ambavyo Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965, na ambavyo vilitandikwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Vinundu vya duara maana yake ni simama. Mistari mirefu maana yake ni fuata upande huu. Viwekwe pande zote mbili za kivuko, na mahali pengine pote baina ya njia ya miguu na ya baiskeli pabaki ukingo wa kimo cha sentimita 6 angalau, kwani chini ya hapo fimbo na mguu haviutambui kwa uhakika.

Kwa masharti hayo naukubali mtindo wa pili, na naongeza kwamba kivuko kiwe mahali pamoja katika kila kituo, ili nikikijua cha Kiembesamaki nimevijua vyote. Mtindo wa tatu, wa baiskeli kupita baina yangu na mlango wa gari, siukubali hata kwa masharti. Nikiteremka garini mguu wangu wa kwanza uko kwenye njia ya baiskeli, na hakuna kigae kitakachonisaidia hapo.

Kuna watu wanaozitamani basi mpya zenye milango ya kufungwa na ubaridi ndani. Mimi pia nazitamani, ila ziwe na spika ya nje inayotaja njia, kwa sababu siku utingo atakaponyamaza nitakuwa sijui gari ipi imesimama mbele yangu.

BintiChake

Dada, ahsante. Naomba niwatoe mjini kidogo. Nyote mnazungumza kama kwamba visiwa hivi ni bapa. Pemba ni vilima na mabonde, na kuingia Chake Chake kwenyewe ni kupanda na kuteremka. Mita sita alizozitaja mwenye uzi hapa hakuna. Upande mmoja ni nyumba, upande wa pili ni korongo. Na baiskeli za huku si za kufanyia mazoezi. Mtu amefunga majani ya ng'ombe mzigo ambao ukimtazama kwa nyuma humwoni yeye, anateremka kilima na breki za kukisia. Ukimwekea kituo chini ya mteremko, na kivuko nyuma ya kituo, tuta lako halitampunguza mwendo. Litamwangusha juu ya abiria.

Na gari za shamba je? Vipimo vyenu vyote ni vya gari yenye mlango ubavuni. Daladala ya mbao hupandwa kwa nyuma. Ukingo uwe na kimo cha sentimita 18 au 80, abiria wake atateremka barabarani, nyuma ya mkia, ndipo atafute pa kupandia kisiwani. Kwa hiyo kisiwa kinamsaidia nani huku?

FundiMtaro

Wanabaraza, nachangia upande wa ujenzi tu, kwani ndio kazi yangu.

Maji kwanza. Kisiwa kikikaa baina ya barabara na njia ya baiskeli, mmeshatengeneza birika: maji ya njia ya miguu yatateremkia njia ya baiskeli na kukuta mgongo wa kisiwa, na lile tuta la kivuko litayazuia yasisonge. Masika ya kwanza tu abiria watakuwa wanavuka dimbwi, na anayepajua Mwanakwerekwe wakati wa mvua hahitaji maelezo zaidi. Njia ya baiskeli lazima ilazwe mwinamo wake wenyewe, na tuta lipitishiwe mfereji chini yake wenye wavu. Wavu huo matundu yake yawe mapana kwa kukingama na safari, si kwa kuifuata, la sivyo yatameza matairi ya baiskeli na magurudumu madogo ya mbele ya kigari. Na mtu wa kuuzoa mchanga awepo katika bajeti, kwa sababu mchanga utajaa.

Vigae vya vinundu vinaweza kutengenezwa hapahapa. Wanaofyatua matofali ya pavingi wanahitaji kalibu nyengine tu. Nundu yenyewe haizidi milimita 5 hivi, na rangi ya manjano ichanganywe ndani ya zege badala ya kupakwa juu, kwani ya kupakwa haimalizi mwaka. Lakini atakayevitandika afundishwe maana yake. Fundi asiyejua huvipanga kwa urembo, na mistari ikielekezwa vibaya itampeleka dada yetu mtaroni.

Nguzo za kuzuia vespa na bodaboda zisiingie katika njia ya baiskeli ni jambo ambalo kila mkutano wa mtaa hulidai. Nguzo za chuma hapa huliwa na hewa ya bahari, kwa hivyo bora ziwe za zege. Hata hivyo mjue kwamba hakuna upana wa pengo baina ya nguzo wa kumzuia mwenye vespa ambao hautamzuia pia mwenye kigari, wala mwenye ile baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono. Huyo wa pili ndiye mtumiaji halali kuliko wote wa njia ya baiskeli, na naona bado hakuna aliyemtaja. Nguzo zinaweza kuzuia gari na marikwama makubwa. Vespa itazuiwa na askari.

DerevaMkongwe

Hapo kwenye vespa fundi kasema kweli. Pale Dar es Salaam barabara ya mwendokasi ilianza kazi mwaka 2016 ikiwa na njia za baiskeli na za miguu pembeni, na bodaboda huzipita kama zao. Lakini sifa yao moja niwape: mabasi yao husimama sawa na sakafu ya kituo, na kigari kinaingia bila ya kubebwa. Huku kwetu mwenye kigari hubebwa na utingo, na kigari hupanda kwenye keria pamoja na madumu.

MkaaziWaKikwajuni

Michango hii imenifanya niupange upya mchoro wangu, na nitajibu kwa mfuatano ninaouona una uzito.

Kwa dada FimboNyeupe: naichukua hoja yako yote, pamoja na ile ya kuukataa mtindo wa tatu. Naongeza mambo mawili. Njia ya baiskeli inapopita nyuma ya kisiwa ipunguzwe upana kidogo ili baiskeli mbili zisipitane hapo, na kivuko kipakwe milia, ili anayevuka awe na haki ya kupishwa kisheria na si kwa huruma ya mpanda baiskeli. Ukimya wa baiskeli hautoondoka kwa milia, najua. Kwa sababu hiyo banda la kusubiria lisiwe na ukuta wa tangazo upande baiskeli zinakotokea, ili aliye kwenye baiskeli aione fimbo nyeupe kabla ya kulifikia tuta. Asiyeona hawezi kulaumiwa kwa kutoiona baiskeli. Mwenye macho lazima awekewe mazingira ya kuona.

Kwa dada BintiChake: penye chini ya mita sita nisingejaribu kubananisha mambo matatu katika nafasi ya mawili. Hapo njia ya baiskeli iishie kabla ya kituo kwa alama iliyo wazi, baiskeli iingie barabarani nyuma ya daladala, na ingoje kama zinavyongoja gari nyengine. Mpanda baiskeli atapoteza nusu dakika. Nafasi yote iliyobaki apewe abiria na mwenda kwa miguu. Wapo watakaosema hili ni kuwanyima haki wapanda baiskeli, lakini kati ya kumchelewesha mtu anayeona na kutembea na kumtia khatarini asiyeweza mojawapo, sioni pa kusita. Na kituo kisiwekwe chini ya kilima. Kipandishwe juu, au kisogezwe mbele hadi ardhi inapotulia, hata kama watu watalalamika kwamba kimehama kutoka dukani kwa fulani.

Kuhusu daladala za mbao, ukingo hauna jibu. Tunachoweza kufanya ni kuurefusha ukingo, na mwisho wake wa nyuma kuwekwa mteremko mdogo na vigae vya vinundu, ili anayeteremkia mkiani apande kisiwani palepale bila ya kutembea barabarani. Mwenye kigari hatapanda gari hiyo kwa kituo cha aina yoyote, na yeyote atakayechora kituo kizuri cha shamba bila ya kudai gari yenye mlango ubavuni na sakafu ya chini atakuwa amejenga jukwaa la kumtazamia mwenye kigari akibebwa.

Linabaki lile la gari kusimama mahali pamoja, ambalo kwangu ndilo linaloyafunga yote. Vigae vya dada havina faida ikiwa gari ya kwanza itasimama kwenye kibao na ya pili itashusha watu mita ishirini nyuma, palipo na ukingo wa sentimita 6 na baiskeli. Kwa vituo vyenye gari nyingi, ukingo wa juu ulionyooka usiwe chini ya urefu wa gari mbili pamoja na nafasi baina yake, na gari ya tatu isubiri barabarani bila ya kufungua mlango. Kivuko cha kuvukia barabara kubwa kiwe nyuma ya mkia wa gari ya mwisho, si mbele ya pua ya ya kwanza, ili abiria avuke wakati gari zinazofuata bado zinamwona. Kivuko cha njia ya baiskeli kielekee hapohapo, mstari mmoja, ili anayetoka upande wa pili wa barabara afike njia ya miguu bila ya kukata kona kisiwani. FundiMtaro, naomba utuambie kama mstari huo mmoja unaweza kupitishiwa mfereji mmoja chini yake, au itakubidi uuweke pande zote mbili za kisiwa.

FundiMtaro

Mmoja unatosha, sheikh, ikiwa kisiwa kitainamishwa kidogo kuelekea barabarani na si kuelekea njia ya baiskeli. Mwinamo huo usizidi sentimita 2 kwa kila mita, kwani ukizidi, kigari kitakachosimama kungojea gari kitasogea chenyewe kuelekea barabarani.